Mawe Chini, Mbao Juu: Maghala ya Wakulima wa Kale wa Toronto

Ghala la mkulima wa karne ya 19 katika eneo la Toronto, nchini Kanada, ni jengo la tabaka mbili zisizofanana hata kidogo. Chini kuna ukuta wa mawe wenye unene wa sentimita 45 hadi 60, wa mawe ya kijivu, ya waridi na meusi yenye madoa, yaliyoshikwa kwa chokaa. Juu ya ukuta huo limesimama banda kubwa la mbao, refu kuliko nyumba ya mwenye shamba, ambalo jua na theluji vimeligeuza rangi ya jivu. Ng'ombe na farasi walilala chini, ndani ya mawe. Nafaka na majani makavu vilikaa juu, ndani ya mbao. Maghala ya namna hii yalikuwa mamia katika mashamba yaliyouzunguka mji. Leo yamebaki machache, mengine ndani ya jiji lenyewe, na anayejua kuyasoma huona katika kila ukuta historia ya ardhi, ya misitu na ya watu waliohamia huko.

Huko Uingereza, ghala la mawe mara nyingi ni la mawe kutoka msingi hadi paa. Katika kijiji cha Great Coxwell, watawa wa abasia ya Beaulieu walijenga mwishoni mwa karne ya 13 ghala lenye urefu wa mita 46 hivi. Kuta zake zote ni za mawe, na mti umeingia ndani tu, katika nguzo za mwaloni zinazobeba paa. Katika mabonde ya Yorkshire vibanda vya mawe vimetawanyika makondeni, kila kimoja na shehena yake ya majani na mahali pa ng'ombe wachache. Fahari si sababu kuu. Misitu ya huko ilikuwa imekatwa kwa karne nyingi, mbao nzuri zilikuwa ghali, na mwamba ulikuwa hatua chache chini ya udongo. Mjenzi alichukua kilichokuwa karibu.

Toronto mambo yalikuwa kinyume. Mlowezi aliyefika mwishoni mwa karne ya 18 aliukuta msitu mnene wa misonobari, mialoni na miti ya maple ya sukari, na kwake mti ulikuwa kwanza kikwazo. Magogo mengi yalirundikwa na kuchomwa moto ili ngano ipate mahali pa kuota. Katika nchi kama hiyo, kujenga ukuta mzima wa mawe kungekuwa kujitesa bure. Jiwe lilitumiwa pale tu ambapo mti hauwezi kazi: kwenye unyevu wa ardhi, kwenye samadi, na kwenye baridi ya kuua ndama. Kwa hiyo ukuta wa mawe ulikoma pale unyevu ulipokoma, na seremala akapokea kazi hapo.

Wazo la kuinua chakula mbali na ardhi si geni kwa Afrika Mashariki. Kihenge cha mahindi husimama juu ya miguu ya miti ili panya na maji yasiifikie nafaka. Wakulima wa kusini mwa Uingereza walifanya vilevile kwa mawe yenye umbo la uyoga: shina jembamba lenye kofia pana, ambayo panya hawezi kuipita akiwa kichwa chini. Ghala la Toronto ni kihenge kilichopandishwa juu ya zizi.

Ramani ya mashamba hayo haijafutika, ingawa wakazi wengi wa jiji hawaijui. Mji wa York, uliokuja kuitwa Toronto, ulianzishwa mwaka 1793 na gavana John Graves Simcoe, na barabara ya Yonge ikaanza kufunguliwa kuelekea kaskazini muda mfupi baadaye. Wapima ardhi walitumia mnyororo wa futi 66. Barabara kuu za mashamba ziliachana minyororo 100, yaani karibu kilomita 2, na kila shamba kamili lilikuwa na upana wa minyororo 20 na urefu wa minyororo 100, jumla ekari 200. Bathurst, Dufferin na Keele, ambazo leo zina mabasi na foleni za magari, ni mipaka ya mashamba hayo. Abiria anayetoka Bathurst hadi Dufferin amevuka urefu wa shamba moja. Aliyepewa ardhi alitakiwa pia kuifanyia kazi: afyeke sehemu yake, asafishe njia mbele yake, na ajenge nyumba isiyopungua futi 16 kwa 20. Hiyo ilikuwa nyumba ya magogo, kwa vile hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuchonga mawe mwaka wa kwanza.

Mawe yenyewe yalikuwa na tabia ya ajabu, nayo imetokana na barafu. Mwamba ulio chini ya Toronto ni laini, wa matabaka membamba ya tope la kale lililogandamana, na humomonyoka ukinyeshewa. Haufai kwa ukuta wa kubeba mzigo, isipokuwa pale yanapopatikana mabamba magumu zaidi ya chokaa katikati ya matabaka. Lakini kaskazini, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, kuna miamba ya Ngao ya Kanada, ambayo ni miongoni mwa miamba mikongwe zaidi duniani, migumu kama chuma. Katika Enzi ya Barafu, bamba la barafu lenye unene wa kilomita nzima na zaidi lilisonga kusini, likavunja miamba hiyo, likaibeba na kuisaga njiani. Barafu ilipoyeyuka, miaka 12,000 na zaidi iliyopita, iliacha mzigo wake pale pale: mchanga, udongo mfinyanzi, na mawe ya matale yaliyoviringwa, madogo kama ngumi na makubwa kama fahali.

Mkulima aliyalaani mawe hayo kabla ya kuyatumia. Kila majira ya baridi maji yaliyo ardhini huganda na kutanuka, na mawe husukumwa juu kidogo kidogo. Shamba lililosafishwa mwaka jana huwa na mawe mapya wakati wa kulima. Watoto na wazee waliingia makondeni kila mwaka kuyaokota, kana kwamba ni zao la kwanza la msimu. Yaliyoshindikana kubebwa mikononi yaliviringishwa juu ya sleji ya mbao isiyo na magurudumu, iliyokokotwa na maksai, na kumwagwa kwenye mpaka wa shamba. Baada ya miaka 20 au 30 ya kazi hiyo familia ilikuwa na chungu cha mawe kando ya kila konde. Pesa za kumlipa mwashi zilipopatikana, vifaa vilikuwa tayari na havikugharimu kitu, isipokuwa migongo ya watu.

Karibu na ziwa kulikuwa na njia nyingine. Kutoka Port Credit, magharibi ya jiji, mashua ndogo za tanga ziliegeshwa kwenye kina kifupi cha ziwa Ontario, na mabaharia wakang'oa mabamba ya mawe kutoka sakafuni mwa ziwa kwa reki nzito zenye mipini mirefu. Shehena iliuzwa mjini Toronto kwa misingi ya nyumba na kwa kutengenezea njia. Biashara hiyo iliendelea kwa muda mrefu wa karne ya 19 na kuingia karne ya 20. Wakulima wa ufukweni waliichukia, na walikuwa na haki. Mabamba yale yalikuwa yakivunja nguvu ya mawimbi, na yalipoondolewa, ziwa lilianza kula mashamba. Mwaka 1857 ilipitishwa sheria ya kukataza kuchukua mawe karibu na ufukwe, katika umbali wa kipimo kinacholingana na mita 15 hivi. Mabaharia walikuwa na desturi ya kufanya kazi yao palipokuwa na mawe, na ugomvi haukuisha kwa sheria hiyo.

Waashi wengi walitoka Uskoti. Miongoni mwa walowezi wa mwanzo wa Scarborough, upande wa mashariki ya jiji, walikuwamo David na Mary Thomson, waliohamia huko mwishoni mwa karne ya 18. David alikuwa mwashi kutoka Dumfriesshire, akienda York kufanya kazi huku mkewe akibaki na watoto msituni. Wengine walikuja baadaye, baada ya kumalizika kwa mfereji wa Rideau mwaka 1832, ambao ujenzi wake uliwavuta waashi wengi na kisha ukawaacha wakitafuta kazi nyingine. Kadiri mtu anavyokwenda magharibi ya Toronto, kuelekea Guelph na Fergus, mwamba wa chokaa unakaribia uso wa ardhi na ustadi wa Waskoti unaonekana zaidi: nyumba nzima, kanisa zima, pengine hata ghala zima la mawe. Ndani ya eneo la Toronto mwashi hakuwa na bahati hiyo. Alipewa mawe ya mviringo ya makondeni na kuambiwa ayasimamishe wima.

Jiwe la mviringo halitulii juu ya jenzake. Ilibidi lipasuliwe. Mwashi alitafuta mshipa wake, akatoboa matundu madogo kwa mstari, akaingiza kabari za chuma, akazigonga moja baada ya nyingine hadi jiwe likafunguka kama tunda. Upande uliopasuka ulielekezwa nje, na ndiyo maana kuta hizi zina uso bapa na rangi zinazong'aa: macho yanaona tumbo la jiwe, si ngozi yake. Mawe makubwa yaliyochongwa pembe nne yaliwekwa kwenye kona na kandokando ya milango, kwani ukuta huanza kuharibika kwenye kona. Ukuta wenyewe ulikuwa kuta mbili zilizoegemeana, ya nje na ya ndani, na vipande vidogo na chokaa vikajazwa katikati. Kila baada ya hatua kadhaa liliwekwa jiwe refu lililovuka unene wote, ili kuta hizo mbili zisiachane. Mwashi mvivu aliyaacha mawe hayo ya kufunga, na kosa lake lilionekana baada ya miaka 50, ukuta ulipotoa kitambi na kupasuka.

Chokaa ilichomwa huko huko. Mawe ya chokaa yaliyookotwa yalipangwa pamoja na kuni katika tanuri la shimo na kuwashwa moto hadi kufikia nyuzi 900 hivi, kisha mawe yaliyoiva yakamwagiwa maji, yakachemka na kuwa unga. Msomaji wa Lamu, Pemba au Kilwa anaijua kazi hii, ila huko Pwani kinachochomwa ni matumbawe. Tofauti iko kwenye majira. Chokaa hukauka na kuwa ngumu polepole, ikivuta hewa kwa wiki na miezi, na ikigandishwa na barafu kabla ya wakati hupukutika. Mwashi wa Toronto alikuwa na kiangazi kifupi tu, wakati uleule ambao mkulima alihitaji kila mkono kwenye mavuno. Msingi nao ulipaswa kushuka chini ya ardhi inayoganda, karibu mita 1.2. Usipofika hapo, barafu huuinua kila mwaka na kuushusha tena.

Umbo la ghala la kwanza lilitoka Uingereza, na jina la Kiingereza limelibakia hadi leo. Lilikuwa jengo la mstatili la chini, la vyumba vitatu bila ghorofa, lililokaa juu ya mawe machache tu. Chumba cha katikati kilikuwa uwanja wa kupuria, na sakafu yake ilikuwa ya mbao nene zilizobanwa kiasi kwamba punje haikuweza kupenya. Milango mikubwa miwili ilitazamana, mmoja mbele na mwingine nyuma. Gari la kukokotwa liliingia upande mmoja, likapakua miganda, likatokea upande wa pili. Wakati wa baridi wapuraji walipiga miganda kwa fimbo za kupuria, kisha wakafungua milango yote miwili, upepo ukapita, wakapepeta: pumba zikaruka nje, ngano ikabaki. Milango hiyo ilikuwa chombo cha kazi, na huo ndio uzuri wa ghala la Kiingereza. Vyumba viwili vya pembeni vilihifadhi miganda isiyopurwa na mabua. Mifugo haikuwa na nafasi kubwa humo. Ng'ombe wachache wa mlowezi walijihifadhi katika vibanda vya magogo, na wengi walikondeana kila mwaka kabla ya majani kuota.

Umbo la pili lilikuja na watu wengine. Mwaka 1794 Wajerumani walioongozwa na William Berczy walifika Markham, na mwanzoni mwa karne ya 19 wakafuatiwa na Wamenonaiti kutoka Pennsylvania. Ni jamii ileile ya waumini ambayo wamisionari wake walifika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934 na kuanzisha Kanisa la Mennonite Tanzania. Mababu wa Wamenonaiti hao wa Pennsylvania walikuwa wametoka Uswisi na Ujerumani, kwenye nchi ya milima, wakiwa na desturi ya kujenga ghala kwenye mteremko. Ghala lilichimbiwa ubavuni mwa kilima kiasi kwamba gari lilipanda moja kwa moja kwenye ghorofa kutokea upande wa juu, huku mifugo ikiingia kwenye zizi kutokea upande wa chini. Waingereza wa Wilaya ya Maziwa, kaskazini magharibi mwa Uingereza, nao walikuwa na maghala ya mteremko tangu karne ya 17. Lakini yale ya Kijerumani yana alama isiyofichika: ghorofa ya mbao hutokeza mbele ya ukuta wa mawe kama ukingo wa kofia, na kuacha kivuli kikavu ambapo ng'ombe walisimama mvua ikinyesha.

Mfano wa kale kuliko yote yanayojulikana karibu na jiji ni ghala la Dalziel, karibu na njia panda ya Jane na Steeles, lililojengwa mwaka 1809 na Johannes Schmidt, Mjerumani wa Pennsylvania. Sehemu yake ya juu ni magogo yaliyochongwa, yaliyofungwa kwenye kona, yakitokeza mbele bila nguzo ya kuyashika. Hatua chache kutoka hapo, katika makumbusho ya wazi yaliyofunguliwa mwaka 1960 kwa jina la Black Creek Pioneer Village, yamehifadhiwa majengo ya shamba la Daniel na Elizabeth Stong, waliofika mwaka 1816. Nyumba yao ya kwanza ya magogo ipo, ghala lao la nafaka la mwaka 1825 lipo, na nyumba kubwa zaidi ya mwaka 1832 ipo. Anayezitazama kwa mpangilio huo huona utajiri ukipanda hatua kwa hatua: kwanza paa, kisha mahali pa nafaka, na starehe mwishoni kabisa.

Kilicholifanya ghala la mteremko lienee hata kwa wakulima wa asili ya Kiingereza na Kiskoti ni bei ya ngano. Katikati ya karne ya 19 ngano ilikuwa dhahabu ya Kanada ya Juu, jina la zamani la jimbo lenye Toronto. Vita vya Crimea vilipandisha bei, na mkataba wa biashara huria na Marekani, uliodumu kuanzia 1854 hadi 1866, ulifungua soko la kusini. Baadaye ardhi ilichoka, wadudu waliingia, na nchi mpya za magharibi zikaanza kutoa ngano kwa bei ya chini. Wakulima wa Toronto waligeukia maziwa, jibini, nyama na farasi, na mji uliokuwa ukikua kwa kasi ulinunua vyote. Ng'ombe wa maziwa huwezi kumwacha nje kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ukategemea atakamuliwa asubuhi. Mifugo, ambayo zamani ilibanwa pembeni, sasa ndiyo iliyomlipa mkulima, na ghala likajengwa upya kwa ajili yake.

Wengi hawakubomoa ghala la zamani. Waliliinua. Ghala la Kiingereza lilipandishwa kwa jeki za parafujo, kidogo kidogo, kona kwa kona, hadi likaning'inia juu ya magogo, na mwashi akajenga ukuta wa mawe chini yake. Kisha likashushwa juu ya zizi lake jipya. Pasipokuwa na kilima, ulirundikwa udongo upande mmoja kufanya njia ya kupandia magari. Ndiyo maana maghala mengi ya eneo hilo yana mbao zilizozeeka kuliko mawe yaliyo chini yake, jambo linalowachanganya wanaodhani kwamba jengo huanza kwenye msingi.

Mpango wa ndani wa ghala lililokamilika ulitumia uzito wa vitu vyenyewe. Majani makavu yaliingia juu, yakarundikwa pande zote mbili za uwanja wa katikati, na wakati wa baridi yakasukumwa kupitia matundu ya sakafuni hadi kwenye hori za ng'ombe. Nafaka ilimiminika kutoka visandukuni kupitia mfereji wa mbao. Mkulima hakubeba chakula kupandisha, alikiangusha. Samadi ilitolewa kwa mlango wa chini hadi uani. Zizi liliangalia kusini au kusini mashariki, likapata jua la mchana wa baridi, na mgongo wake ukafunikwa na ardhi upande wa kaskazini, unakotoka upepo mkali. Mawe na udongo vilizuia baridi, joto la miili ya wanyama likapasha hewa, na majani yaliyojaa ghorofani yakazuia joto lisitoroke. Mara nyingi chini ya njia ya kupandia kulijengwa chumba cha kuhifadhia mizizi ya kulishia ng'ombe, mahali pasipoganda wala kupata joto.

Ubaya wake ulikuwa hewa. Zizi la mawe lenye madirisha madogo lilikuwa na giza na unyevu, kuta zikitoa jasho na ammonia ikiwasha macho. Kwa sababu hiyo kuta za ndani zilipakwa chokaa nyeupe kila mwaka, ili kuongeza mwanga na kupunguza uchafu, na maghala ya baadaye yakapewa madirisha mengi zaidi. Ghorofa haikuwa na shida hiyo. Mbao zake za ukuta zilisimamishwa wima na kuachiwa nafasi nyembamba, hewa ikapita. Majani yaliyorundikwa mabichi huchemka yenyewe na kushika moto, na maghala mengi yaliteketea kwa namna hiyo, mengine kwa radi. Ukuta wa mawe ulibaki umesimama katikati ya majivu, ukasubiri ghala lingine.

Kiunzi cha juu kilikuwa kazi ya seremala, na kilitengenezwa chini kabla ya kusimamishwa. Nguzo na boriti za msonobari au mwaloni zilichongwa mraba, zikakatwa ulimi upande mmoja na tundu upande mwingine, kisha zikafungwa kwa vigingi vya mti mgumu bila msumari wa chuma. Siku ya kusimamisha, majirani walikuja kwa makumi. Ni msaragambo kamili: wenye nguvu walisukuma fremu kwa miti mirefu, seremala akapiga kelele za kuhesabu, wanawake wakapika kwa siku nzima, na jioni mifupa ya ghala ilikuwa imesimama. Paa la mwanzo lilikuwa la miteremko miwili ya kawaida. Kuanzia miaka ya 1880 hivi lilienea paa lililovunjwa katikati, lenye mteremko mkali chini na wa taratibu juu, kwani lilitoa nafasi kubwa ya majani bila kuongeza urefu wa kuta. Ndilo paa ambalo watu wengi hulichora wakiambiwa wachore ghala la Kanada, ingawa ni la mwisho kufika.

Nyumba za kuishi za wakulima zilifuata njia nyingine. Sheria za kodi za Kanada ya Juu zilipanga nyumba kwa kifaa kilichojengewa, kwa ghorofa, na hata kwa idadi ya meko, na nyumba ya mawe ya ghorofa mbili ililipiwa zaidi kuliko ya magogo. Jiwe likawa tangazo la mafanikio. Hata hivyo, karibu na Toronto wakulima wengi waliofanikiwa walichagua matofali, kwa sababu iliyo wazi: udongo mfinyanzi na mwamba laini uliokataa kuwa jiwe la ujenzi ulikubali kuwa tofali bora. Kiwanda cha matofali cha bonde la Don, kilichoanzishwa mwaka 1889, kiliujenga mji kutokana na mwamba huo. Kwa hiyo shamba la kawaida la mwisho wa karne lilikuwa na nyumba ya matofali na ghala la mbao, na mawe yalionekana chini tu, miguuni mwa yote mawili.

Penye nyumba ya mawe kwenye shamba, kwa kawaida pana hadithi ya mtu aliyetaka kuonekana. Thistle Ha', huko Pickering, mashariki ya jiji, ni mfano mmoja. John Miller, Mskoti aliyefika Kanada mwaka 1839, alileta mifugo ya mbegu bora kutoka Uingereza na kuiuza kwa wafugaji wa Amerika Kaskazini. Nyumba yake ya mawe ya makondeni, ya yapata mwaka 1855, ilikuwa sehemu ya biashara: mnunuzi aliyekuja kutazama fahali alipaswa kuondoka akiamini kwamba mwenye fahali ni mtu wa kutegemewa.

Saruji ndiyo iliyomaliza kazi ya mwashi wa ghala. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, mkulima aliweza kumwaga zege ndani ya mbao za kuundia, kwa kiangazi kimoja, bila kumtafuta fundi wa mawe. Saruji ilileta pia madhara yasiyotarajiwa kwa kuta zilizotangulia. Wenye maghala waliziba nyufa za ukuta wa chokaa kwa saruji, wakidhani wanaimarisha. Chokaa hupumua na kuyumba kidogo pamoja na ukuta, ilhali saruji hufunga. Maji yaliyonaswa nyuma yake huganda, hutanuka, na kung'oa uso wa jiwe. Mafundi wa leo wanaotengeneza kuta hizi hutumia muda mwingi kuondoa saruji ya babu zao kwa patasi kabla ya kurudisha chokaa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jiji liliyafikia mashamba. Scarborough na North York ziligeuka mitaa ya nyumba na maduka katika kizazi kimoja, na maghala yalikuwa ya kwanza kuondoka, kwani nyumba ya mkulima inaweza kupata mpangaji lakini ghala bila ng'ombe halina kazi mjini. Mengine yalihamishwa. Ghala la Francey, lililojengwa Markham mwaka 1858, lilipelekwa katikati ya jiji na sasa ni jengo kuu la Riverdale Farm, shamba la maonyesho lililofunguliwa mwaka 1978 mahali palipokuwa bustani ya wanyama. Uhamisho wa namna hii unaonyesha tofauti kati ya nusu mbili za jengo. Vigingi hugongwa vikatoka, boriti hupewa namba, hupakiwa na kufungwa upya kwingine. Mawe kwa kawaida hubaki. Kiunzi hupata msingi mpya, na msingi wa zamani huachwa ukiota nyasi.

Pigo kubwa kuliko yote lilikuja Machi 1972, serikali ya shirikisho ilipotangaza kuchukua zaidi ya hekta 7,500 huko Pickering kwa ajili ya uwanja wa ndege. Familia za wakulima ziligeuzwa wapangaji katika ardhi yao au zikahama. Wakazi walipigania, na mwaka 1973 Thistle Ha' ikatangazwa kuwa mahali pa kihistoria pa taifa. Ujenzi ulisitishwa mwaka 1975, lakini ardhi ilibaki mikononi mwa serikali, na kwa miongo iliyofuata nyumba na maghala mengi yaliyokosa wapangaji yaliharibika na kubomolewa. Si vita wala moto ulioyaua, bali kusubiri. Sehemu ya ardhi hiyo iliingizwa katika hifadhi ya taifa ya mjini ya Rouge, iliyoundwa mwaka 2015 kwenye mpaka wa mashariki wa Toronto, ambamo kilimo kinaendelea kwa mujibu wa sheria. Januari 2025 serikali ilitangaza kwamba uwanja wa ndege hautajengwa tena.

Katika ardhi hiyo njia za udongo bado zinapanda taratibu kutoka barabarani, pana kiasi cha gari la farasi wawili, na kukoma ghafla hewani. Chini yake kuna ukuta wa matale wenye pembe tatu au nne na nafasi ya mlango inayotazama kusini.